Fundi Anajibu: Vumbi la Chokaa na Chumvi ya Bahari

SWALI: Ndugu Fundi, assalaam aleikum. Nina duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala hapa Mkomani, Lamu. Tangu jirani yangu aanze kukarabati nyumba yake ya mawe, kompyuta yangu ya mezani hujizima yenyewe kila baada ya adhuhuri, ilhali asubuhi na usiku hufanya kazi bila tatizo. Nikiiacha kama robo saa, huwaka tena. Fundi mmoja ameniambia ninunue pawa saplai mpya, yaani kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Je, ninunue?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usinunue bado. Pawa saplai mbovu nayo huweza kuzima mashine wakati wa joto, lakini kuna la kuangalia kwanza. Mashine inayozima wakati wa joto, ikapumzika na kisha kuwaka, mara nyingi inalalamikia joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za selsiasi: zikikaribia hapo hupunguza kasi, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Kumbuka pia kwamba kinachopoza prosesa ni hewa ya chumbani mwako, kwa hiyo chumba kikipata joto zaidi alasiri, prosesa nayo hupanda kwa kadiri hiyohiyo. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: iwashe mashine wakati wa joto, bonyeza kitufe cha Delete au F2 kabla Windows haijafunguka, kisha tafuta mahali panapoonyesha joto la prosesa. Mashine isiyofanya kazi yoyote ikisoma nyuzi 80 na kuendelea kupanda, basi umempata mwizi wako.

Sasa tuje kwenye vumbi lenyewe, kwa sababu la kwako si vumbi la kawaida. Vumbi la nyumbani huwa ni nyuzi za nguo, nywele na mchanga, nalo hujikusanya kati ya feni na mapezi membamba ya alumini yaliyo juu ya prosesa, likatanda kama kipande cha blanketi, hata feni ikawa inazunguka kwa kelele bila kupitisha hewa. Vumbi hilo hupeperushwa kwa urahisi. Chokaa ya ukarabati wa jirani yako, inayopita mbele ya duka lako migongoni mwa punda, ni jambo jingine. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji, hukauka kwa kufyonza kaboni dioksidi kutoka hewani hadi ikarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana kuta za Lamu zimesimama miaka mingi. Ikiingia ndani ya kompyuta na kupata unyevu, huganda kwenye mapezi hayo kama inavyoganda ukutani. Kwa hivyo nakusihi usiifute kwa kitambaa kibichi, hata kama ndivyo unavyofuta meza.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Itoe nje, uani au barazani, upande ambao upepo hautakurudishia vumbi usoni, na ufunike pua na mdomo, kwa maana chokaa huwasha. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu kingine ndani, ili umeme tuli wa mwilini usirukie vifaa. Legeza vumbi kwa brashi ya rangi yenye nywele laini, iliyo mpya na kavu, halafu upulize kwa bloa kwa vipindi vifupi huku ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa kwa nguvu na upepo huharibu beringi zake, na inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina mate. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, kwa kuwa bomba lake la plastiki huzalisha umeme tuli. Pawa saplai ipulize kutoka nje tu, wala usiifungue: umeme wa volti 240 huingia humo, na kapasita zake, yaani vihifadhi umeme, huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Ikiwa joto halitashuka baada ya hapo, basi huenda grisi iliyo kati ya prosesa na pande la alumini imekauka. Fundi ataifuta na kuweka nyingine, kiasi cha punje ya choroko. Nimewahi kufungua mashine iliyopakwa grisi kama mkate uliopakwa siagi, na mwenyewe alikuwa amelipia kazi hiyo.

Jambo la mwisho kwako ni chumvi. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, na pwani yetu hufika hapo mara nyingi, chembe za chumvi hufyonza maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kula shaba. Ukiona ukoko wa kijani kwenye miguu ya vifaa, bloa haitakusaidia. Chumvi haiyeyuki vizuri hata kwenye alkoholi. Huoshwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, kisha alkoholi hufuata ili kuondoa maji hayo, na ubao hukaushwa kabisa kabla ya kuwashwa. Hiyo mwachie fundi.

SWALI: Laptopu yangu naiweka kwenye kidaka cha ukutani ili isipate vumbi, na nimeifunika kwa kitambaa. Mbona bado inachemka?
Msomaji, Shela

JIBU: Kidaka kilitengenezewa sahani za kaure, nazo hazitoi joto. Laptopu huvuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni au nyuma. Mle ndani inavuta tena hewa ileile iliyoitoa. Iweke juu ya meza ngumu, na kitambaa ukitumie ikiwa imezimwa na imepoa. Nailoni usiitumie kabisa, maana hufungia unyevu ndani.

SWALI: Fundi alinitoza pesa za matengenezo, kumbe alipuliza vumbi tu. Je, nimeibiwa?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kama mashine ilikuwa inazima na sasa haizimi, hukuibiwa, umelipia kujua kilichokuwa kinaizima. Lakini kama alikwambia amebadilisha kifaa na hakubadilisha, hilo ni neno jingine. Siku nyingine omba ifunguliwe mbele yako, usome joto kabla na baada ya kazi, na kifaa chochote kilichotolewa urudishiwe, hata kama kimekufa.