Maswali kwa fundi: tyuna za valvu (mashine za zamani za taa za kioo, zinazoshika stesheni za redio na kupeleka sauti kwenye amplifaya)

Kaka yangu yuko Ohio, amenipatia tyuna ya Fisher ya miaka ya 1960. Ikifika Tanga niichomeke tu ukutani?

Ukiichomeka hivyo itanuka moshi kabla haijatoa sauti. Imetengenezwa kwa volti 117, na ukutani kwako kuna 230. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, ya wati 100 au zaidi. Halafu umeme wetu ni hezi 50, wao 60, kwa hiyo hata transfoma ya ndani itapata moto kuliko ilivyozoea. Usiifungie kabatini, wala usiitandike kitambaa cha kudarizi juu (nawajua mama zetu).

Kingine, stesheni za Marekani huinua sauti nyembamba kuliko za kwetu kabla ya kurusha, na tyuna ya huko huzishusha kwa kiasi kilekile. Ikishika stesheni za huku inazishusha kupita kiasi, mtangazaji anasikika kama yuko nyuma ya pazia. Dawa ni kubadili kapasita tu (kifaa kidogo kinachotunza umeme), uweke ndogo zaidi, moja kila upande wa sauti, kulia na kushoto.

Ya marehemu babu imekaa stoo miaka 30. Naiwashaje?

Si kwa pupa. Kapasita za karatasi na zile za mkebe huwa zimekauka au zinavuja. Unganisha balbu ya nyuzi ya wati 100 katikati ya waya mmoja, umeme upite humo kwanza. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, kuna matumaini. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, chomoa. Ukishachomoa usitie kidole: kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 200 huku plagi umeishika mkononi. Mimi ziliwahi kuniangusha kutoka kwenye stuli, tena nikijiona fundi.

Inashika vizuri, ila sauti ni kali, inachachatika kama karanga kikaangoni.

Angalia nyuma. Umechomeka waya wa amplifaya kwenye tundu lililoandikwa MPX? Hamia la pembeni. Kabla FM ya stirio haijaanza Marekani mwaka 1961, watengenezaji walikuwa wakiacha tundu hilo kwa ajili ya kifaa cha stirio kitakachokuja baadaye. Sauti yake haijachujwa.

Natafuta 12AX7, muuzaji ananipa ECC83.

Chukua. Jina la Marekani na jina la Ulaya, valvu ni ileile.

Juu ya vile vikopo vya bati vya ndani ya tyuna nilikuta skrubu zimelegea, nikazikaza zote. Sasa haishiki kitu.

Hazikuwa zimelegea. Kila moja ni kijiti kinachopanda na kushuka ndani ya koili, na kiwandani kilisimamishwa pale ili koili iitikie megahezi 10.7, masafa ambayo tyuna hugeuzia kila stesheni kwanza. Kuvirudisha kunataka jenereta ya mawimbi na mchana mzima. Ilete. Na kama unakumbuka ulizungusha kila skrubu mara ngapi, andika kwenye karatasi uibandike juu ya kopo lake.