Bei ya Matibabu Iulizwe Kabla Mtu Hajaugua

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kipimo cha picha kamili ya damu ulikilipia bei moja katika hospitali ya kwanza na karibu maradufu katika hospitali ya pili, tena mji ni huohuo, ukauliza kama waajiri na wananchi wa kawaida wana njia yoyote ya kulirekebisha jambo hilo. Nimelishughulikia suala hili kwa pande mbili: kwanza nikiwa ofisa utumishi wa kiwanda mkoani Morogoro, na baadaye nikiwa mjumbe niliyechaguliwa na wananchi kuingia katika kamati ya usimamizi ya kituo cha afya cha kata yetu. Ninaamini kabisa kwamba mgonjwa hawezi kubebeshwa kazi ya kuzifanya bei ziwe wazi. Mzazi aliyembeba mtoto mwenye homa kali saa nane za usiku atalipa chochote atakachotajiwa, na ni haki yake kufanya hivyo. Wa kuuliza ni mlipaji aliye mzima, aulize mapema, na aulize kwa niaba ya wengi.

Mwajiri ana nguvu kubwa hapa na huitumia kidogo mno. Watumishi wa umma nchini Tanzania huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa utaratibu wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mwajiri na nusu na mtumishi, ilhali kampuni nyingi binafsi hununua bima ya kibiashara, ambayo ada yake ya mwaka unaofuata hupangwa kwa kutazama madai ya mwaka uliopita. Kiwandani kwetu ada ilipopandishwa kwa kiwango kilichotushtua, uongozi ulifikiria kupunguza idadi ya wategemezi. Chama cha wafanyakazi kilikataa, nasi tukaiomba kampuni ya bima itupatie mchanganuo wa madai kwa kila hospitali na kwa kila aina ya huduma, bila majina ya wagonjwa wala maradhi yao. Sharti hilo la mwisho msilegeze hata kidogo. Siku hizi lina mhimili katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasingekuwa na sheria, mwajiri anayejua nani anatumia dawa gani huwafanya watu wake waogope kwenda kutibiwa.

Mchanganuo ulipokuja, hospitali moja ilionekana kudai gharama kubwa kupita nyingine kwa magonjwa ya kawaida, na wafanyakazi tulipowauliza kwa jumla jinsi wanavyohudumiwa huko, wengi walisema kwamba hutakiwa kusaini fomu ya madai mapokezini, ikiwa bado tupu, kabla hata ya kumwona daktari. Saini hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba huduma imetolewa. Anayeitoa mapema amekabidhi kalamu na kitabu cha hundi kwa pamoja. Tuliwaelekeza watu wetu wasaini mwisho, baada ya kusoma kilichoandikwa, na kampuni ya bima ikakaa na hospitali hiyo kupitia madai yake. Ada haikupanda tena kwa kiwango kilichokuwa kimependekezwa, na wategemezi wote walibaki.

Hata hivyo, kubana bei peke yake hakutoshi. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma inazozilipia, chenye bei zilizopitiwa upya, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake, na watu waliokatwa michango kila mwezi wakaanza kuhangaika na kadi zao mkononi. Mfuko ulikuwa na hoja zake na hospitali zilikuwa na zake, lakini mchangiaji alikuwa mtazamaji tu, naye ndiye mwenye fedha.

Kwa upande wa wananchi, mabadiliko makubwa niliyoyaona yalitokana na uamuzi wa mwaka wa fedha 2017/18 wa kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kamati ya usimamizi, ambayo mganga mfawidhi ni katibu wake, ikawa na jambo la maana la kujadili, kwa kuwa mpango na matumizi vinapita mikononi mwake. Kwetu orodha ya bei ilikuwa imebandikwa ndani ya chumba cha mhasibu, mahali ambapo mgonjwa huiona akiwa tayari analipa. Tuliihamishia kwenye ubao wa nje, wagonjwa wanapokaa kusubiri, tukaongeza maelezo ya wanaostahili msamaha, yaani wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na agizo kwamba kila malipo yawe na namba ya kumbukumbu na stakabadhi. Wauguzi ndio waliofurahi zaidi, kwa sababu malumbano ya dirishani yalipungua.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa dawa. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya hiari ya Mfuko wa Afya ya Jamii, mikoani ilitozwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka, bei ambayo wengi waliimudu, lakini mtu akiambiwa mara kwa mara akanunue dawa nje, hailipii kadi hiyo mwaka unaofuata, na kwa haki kabisa. Kwa hiyo kila kikao tulianza na leja ya dawa, tukiilinganisha na malalamiko ya wananchi, kabla ya kugusa ajenda nyingine yoyote.

Umeuliza mwishoni mfanyakazi asiye na cheo aanzie wapi. Dai stakabadhi yenye mchanganuo wa kila huduma, usisaini fomu tupu, na nakala zako zipeleke kwenye tawi la chama chenu cha wafanyakazi, mkiomba mchanganuo wa madai angalau miezi mitatu kabla mkataba wa bima haujahuishwa. Mkichelewa hadi wiki ya kusaini, mwajiri atakuwa ameshakubali bei.