Kipima pH peke yake hakitalinda visima vyenu

SWALI: Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja wilayani Nzega, mkoani Tabora. Tuna visima vitatu vya pampu ya mkono. Upande wa mashariki wachimbaji wadogo wa dhahabu wamefungua maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na mwalo wa kuoshea dhahabu, na sasa kuna mtu anajenga matangi ya kuchenjulia marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kuoshwa, kwa sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi kwenye makaa ya mawe huko kusini. Anasema machimbo yakiharibu maji, pH, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, hushuka, kwa hiyo tuangalie hiyo tu. Kamati imepitisha fedha za kipima pH. Tununue cha aina gani? Na wanaochemsha maji, je, wako salama?

JIBU: Ndugu Katibu, fedha hizo zishikeni kwanza. Kipimo mlichokichagua kinaweza kuwapa majibu mazuri huku maji yakiharibika.

Shemeji ana msingi wa anachosema. Makaa ya mawe mara nyingi hukaa pamoja na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa ardhini bila hewa yametulia. Yakichimbuliwa yakakutana na hewa na mvua, hutoa asidi ya salfa, na chuma chake hupaka mawe ya kijito rangi ya kutu. Lakini hata huko pH ni shahidi anayechelewa. Mwamba ukiwa na chokaa ya asili, asidi hupozwa njiani: pH inabaki karibu na 7 na salfeti, chumvi inayobaki ya asidi hiyo, inazidi kupanda. Siku pH inapoanguka, chokaa imeshakwisha na uharibifu ni wa muda mrefu. Ndiyo sababu kwenye makaa hupimwa salfeti na chumvichumvi za maji pamoja na pH.

Kwenu hali ni tofauti zaidi. Anayechenjua kwa sianidi hutia chokaa kwenye tangi hadi pH ipite 10, maana ikishuka sianidi hugeuka gesi inayoua. Kwa hiyo tangi likivuja, maji yanayotoka yana pH ya juu. Ninyi mnaosubiri ishuke mtaandika "salama" kila mwezi. Aseniki nayo, sumu ya asili ambayo hupatikana kwenye miamba mingi ya dhahabu, huyeyuka vizuri tu katika maji yasiyo na asidi. Haina rangi wala ladha, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita. Hakuna kipima pH kitakachoiona.

Nunueni kipima chumvi cha mkononi, kile chenye alama EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakitawaambia ni sumu gani, ila kinaweza kuwaonyesha kwamba maji ya kisima yamebadilika, na hapo mnapeleka sampuli maabara bila kungoja. Visima vya mbugani huwa na chumvi yake ya asili, kwa hiyo msilinganishe kisima na kisima. Kila kisima kilinganishwe na chenyewe cha miezi iliyopita.

Hapo ndipo penye haraka. Matangi bado yanajengwa, kwa hiyo mnayo nafasi ambayo vijiji vingi huikosa: kupima kabla. Bila kipimo cha kabla, mwenye matangi atasema maji yalikuwa hivyo tangu zamani, na hamtakuwa na la kumjibu. Chukueni sampuli sasa, kisha mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi. Mvua za kwanza za Novemba zikioga lundo la marudio, chukueni pia maji ya lambo au korongo linalopokea maji hayo. Ongezeni kisima kimoja kilicho mbali, upande wa juu wa machimbo, kiwe cha kulinganishia.

Kuhusu zebaki inayotumika mwaloni kunasa dhahabu, msiitafute kisimani peke yake. Ni nzito, hujificha kwenye tope, na ikishageuzwa na vijidudu vya topeni huingia kwenye samaki. Ombeni tope la lambo na samaki wake vipimwe.

Uchukuaji wa sampuli huharibiwa na mambo madogo. Pampuni hadi namba ya EC itulie, ndipo mjaze. Chupa zitoke maabara, za madini mbali na ya sianidi. Ya madini hutiwa asidi ya naitriki, ya sianidi hutiwa kostiki soda na kukaa gizani kwenye barafu. Asidi isiguse kabisa chupa ya sianidi, maana itatoa ile gesi niliyoitaja.

Kingine ambacho hamkuuliza, na pengine ndicho kitakachowafika mapema zaidi: kina cha maji. Wenye maduara wakivuta maji ili wachimbe, visima vya jirani hushuka. Pimeni alfajiri kabla ya watu kuanza kuteka, kutoka ukingo wa zege hadi usawa wa maji. Mabomba ya pampu yakizuia kamba, tumieni kisima cha wazi kilicho karibu. Andikeni na mvua iliyonyesha. Kisima chenu kikishuka baada ya masika mazuri, na kile cha mbali hakikushuka, mna jambo la kuuliza.

Nakala ya daftari la vipimo ipelekeni RUWASA wilaya, wakala wa maji vijijini, na bodi ya maji ya bonde lenu. Maji yenu yakielekea Mto Manonga na Wembere, ni Bonde la Kati, Singida. Yakielekea Igombe au Ugalla, ni Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma. Malalamiko ya mazingira yaende NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, lakini maji ya kwenye nyufa za mwamba husafiri mbali zaidi ya hapo, basi msiridhike na umbali huo.

Kuchemsha kunaua vijidudu, endeleeni nako. Aseniki na zebaki iliyomo kwenye maji hakuziondoi, na maji yakipungua sufuriani aseniki huzidi kukolea. Hadi majibu ya kwanza ya maabara yarudi, maji ya kunywa, hasa ya watoto na wajawazito, yatekwe kisima kilicho mbali zaidi na mwalo.