Kinyama cha saratani ya pafu kupitia umio: niliyoyaona kwa mjomba wangu

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kwa nini daktari anataka mzee wako ameze mpira ilhali picha ya CT imeonyesha uvimbe kwenye pafu na tezi zilizovimba katikati ya kifua, na unahofu kwamba amechanganya mafaili. Hajachanganya. Mimi niko Tukuyu, na swali hilohilo nililiuliza nilipompeleka mjomba wangu India kwa kipimo hiki cha kuchukua kinyama, yaani sampuli ndogo ya kupimwa maabara, kupitia umio.

Umio, yaani mrija wa chakula, hushuka nyuma ya njia ya hewa, katikati ya mapafu mawili, ukipita jirani kabisa na tezi za limfu ambazo mara nyingi saratani ya pafu huzifikia mapema. Mpira unaotumika si ule wa kawaida wa kutazama vidonda vya tumbo, kwa kuwa nchani una kifaa kidogo cha altrasaundi kinachomwezesha daktari kuona kilicho nyuma ya ukuta wa umio, kisha akachomoza sindano yenye unene wa kiasi cha milimita 0.7 na kuiongoza hadi kwenye tezi huku akiitazama kwenye skrini. Altrasaundi haipenyi hewa, na pafu limejaa hewa. Kwa hiyo uvimbe ulio ndani ya pafu hauonekani kwa njia hii isipokuwa uwe umegusana na umio au uko karibu nao sana. Tezi za upande wa kulia wa njia ya hewa nazo hazifikiki vizuri, na hizo hufuatwa kwa mpira mwingine wa altrasaundi unaopitia njia ya hewa yenyewe. Kinachonifanya nikiamini kipimo hiki ni kwamba tezi ikikutwa na saratani, sindano ileile imeshajibu ni saratani ya aina gani na pia imesambaa hadi wapi, na hapo ndipo madaktari huamua kama upasuaji unafaa.

Mjomba alilazwa ubavu wa kushoto, akapuliziwa dawa ya ganzi kooni na kuchomwa dawa ya usingizi mwepesi. Baadaye daktari alinionyesha picha: tezi ilionekana kama harage jeusi, na sindano ilikuwa mstari mweupe ulioingia hadi katikati yake. Walichoma mara 4, kila mara wakimiminia tone kwenye vioo vya maabara na kilichobaki kwenye kichupa. Jioni alikunywa uji, akilalamikia koo kukwaruza tu. Maambukizi, kutokwa damu au umio kutoboka huweza kutokea, lakini ni kwa nadra.

Kinachoniuma hadi leo ni muda tuliopoteza kabla ya hapo. Kikohozi kilianza mwezi wa Juni, wakati wa baridi yetu, na katika kituo kimoja cha afya akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6 ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea. Sikatai kwamba kifua kikuu ni cha kushukiwa kwanza huku kwetu. Hata hivyo, mgonjwa asipopata nafuu, kinyama kitafutwe mapema, tena sampuli hiyohiyo inaweza kupimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert.

Mzee asile kitu kwa saa zote atakazoelekezwa, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari siku kadhaa kabla, wala msizisimamishe wenyewe. Jibu likisema hakuna saratani wakati picha bado inatia shaka, ulizeni hatua inayofuata, kwa sababu sindano huweza kukosa. Pia ombeni sampuli iliyobaki ihifadhiwe vizuri: ya mjomba ilitumika kupima jeni ya EGFR, ambayo ikiwa na hitilafu huweza kuchochea saratani ya pafu, na kwa jibu hilo alianzishiwa vidonge badala ya dripu za kemotherapi, bila kuchomwa sindano ya pili.