Jibu: Binti wa miaka 9 kuulizwa kliniki kama anataka kufa

Dada, usiogope. Umeuliza kwa nini kliniki ilimuuliza binti yako kama amewahi kutamani kufa, na kama swali lenyewe halitampandia wazo hilo. Halipandi. Hilo limechunguzwa sana, na mtoto mwenye mawazo hayo mara nyingi hupata nafuu akipata wa kumwambia.

Fomu ya ASQ, ya kumuuliza mtu kuhusu mawazo ya kujiua, iliyotengenezwa Marekani, ina maswali 4 mafupi kwa watoto wa kuanzia miaka 8. Akijibu ndiyo hata moja, la 5 linauliza kama anawaza hivyo sasa hivi. Walio chini ya miaka 8 huulizwa pale dalili zinapoonekana. Jibu la ndiyo si lazima limfanye alazwe. Ni mtaalamu kukaa naye zaidi. Kukuomba utoke nje kidogo ni kawaida, maana watoto wetu hawafunguki mbele ya mama (na sisi ndio tumewalea hivyo).

Kama alijibu ndiyo, leo hii fungia vidonge na dawa ya kupulizia zabibu, ufunguo ukae nao wewe. Akisema anawaza sasa hivi, usimwache peke yake. Mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, au hospitali iliyo karibu. Simu kwa Mtoto, 116, ni bure.