Jibu kwa dada wa Mbale: usimpake huyo binti rangi Jumamosi

Dada, umeandika kwamba miezi miwili sasa unamchunguza Robert Mapplethorpe, yule mpiga picha Mmarekani, hasa zile picha za mwaka 1984 ambazo mchoraji Keith Haring alimchora mwimbaji Grace Jones mwilini kwa michirizi myeupe. Umeshanunua rangi nyeupe, binti wa kukaa mbele ya kamera umempata, mpambaji anatoka Kampala, na Jumamosi saa tatu asubuhi mnaanza kupaka. Unauliza ununue lenzi gani, picha uzihariri vipi, na kama kuiga kunahitaji ruhusa.

Ahirisha Jumamosi.

Niwie radhi, salamu zitafuata. Niliposoma "tunaanza kupaka saa tatu" tumbo lilinikata, kwa sababu na mimi nilianza kupaka saa tatu. Kufika saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimetupa shilingi za Uganda 1,430,000. Nihesabu? Studio ya kukodi Ntinda, hapa Kampala, 300,000. Binti, 200,000. Mpambaji, 250,000. Rangi na poda, 180,000. Na 500,000 malipo ya awali niliyomrudishia mwenye saluni aliyetaka picha ya bango lake. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniua kabisa, maana nilikuwa nimeshaila. Niliirudisha kwa awamu tatu, na kila awamu alinitumia meseji ya kuniuliza kama bado napiga picha au nimepata kazi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mpambaji alikaa muda wa saa nne nzima akichora. Kazi nzuri, wallahi, sina neno naye kwenye mistari. Kwa macho yangu yule binti alikuwa kama sanamu ya jumba la makumbusho. Lakini chumba kilikuwa na taa mbili za halojeni na dirisha moja lisilofunguka, kwa hiyo jasho likaanza. Rangi ilikuwa ya kuchanganywa na maji. Kando ya pua ikaanza kulainika, mstari wa juu ya mdomo ukateleza. Mpambaji akatoa poda. Akapaka. Jasho likarudi, akapaka tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka uso ukakauka kama ukuta uliopigwa chokaa. Na mimi, mtaalamu mzima, nimesimama pembeni na rolex yangu mkononi, ile chapati ya mayai, nikisema, "Hapo safi sana."

Nikafuta mikono, nikachomeka flashi juu ya kamera, nikapiga.

Nilipoangalia kioo cha kamera nilidhani nimekosea kitufe. Michirizi ilikuwa imeungua, nyeupe tupu, hata alama za brashi hazionekani. Na ngozi ya binti, ambaye ni mweusi wa kupendeza, rangi ya buni iliyokaangwa ikakolea, ilikuwa kijivu. Majivu ya jiko. Pua haina umbo, shavu halina umbo. Alikuwa kama mtu aliyeangukia gunia la unga wa muhogo pale sokoni Kikuubo. Nikapunguza mwanga: michirizi ikarudi, uso ukapotea, ikabaki mistari inaelea gizani kama pundamilia aliyekimbia na kuacha milia yake. Nikaongeza: unga ukarudi. Picha 214, dada. Hakuna hata moja. Binti mwenyewe akaniuliza kwa upole, "Kaka, mimi ndiye tatizo?" Cheka tu, mimi nilishalia zamani.

Tatizo hakuwa yeye. Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa kuungaunga, kwamba siku ile nilifanya makosa mawili kwa mpigo.

La kwanza ni ile poda. Poda nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kamera zina silika, yaani unga laini wa madini, na baadhi ya krimu za msingi (foundation) zina titani dioksidi au zinki oksidi ya kuzuia jua. Kwa mwanga wa chumbani huoni kitu. Flashi ikitokea palepale lenzi ilipo, chembe hizo zinaurudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera, na uso unakuwa mweupe wa mzimu. Hilo linaweza kumpata yeyote mwenye ngozi yoyote, ila kwetu sisi weusi linaonekana toka ng'ambo ya barabara.

La pili ndilo kubwa zaidi, na sikuwahi kumsikia mtu akilisema hapa Kampala. Ngozi nyeusi sana kwenye picha inapata umbo lake kutokana na mng'ao. Ngozi ya Mzungu unaisoma kwa vivuli. Yetu unaisoma kwa ule mstari wa mwanga unaoteleza kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua, ukingo wa taya. Ondoa mng'ao, umeondoa uso. Na sisi tulilipa 250,000 tuondolewe mng'ao! Fungua picha yoyote ya Mapplethorpe ya mtu mweusi, acha kuangalia mtu, angalia bega. Utaona mwanga umelala pale kama mafuta juu ya mchuzi. Huo ndio uliobeba picha.

Mwalimu wetu hakutuambia hata nusu ya hayo. Jina lake namhifadhia, ingawa hastahili. Alikuwa na warsha ya siku mbili ya upigaji picha, cheti chenye muhuri wa dhahabu, chai na mandazi mawili kwa kila mwanafunzi. Akasimama mbele na projekta yake akatuonyesha nyuso za rangi kali moja baada ya nyingine, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Rangi ndiyo picha. Mwanga utarekebisha kwenye kompyuta." Tukaandika kwenye madaftari. Mimi nilipigia mstari! Baadaye nilipomtumia zile picha 214 alinijibu kwa kidole gumba kimoja cha njano. Mtu amekula ada yako anakujibu kwa kidole. Kompyuta inaweza kupunguza au kuongeza kilichopo. Palipoungua hakuna kitu cha kupunguza, ni karatasi tupu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuirudia mpaka msimamizi wa kundi anifungie: uso mtupu kwanza. Nyeusi na nyeupe kwanza. Picha za Grace Jones unazozichunguza ni za nyeusi na nyeupe, hazina rangi yoyote ya kukuokoa. Zimesimama kwa mwanga tu. Mpiga picha mwingine ni Erwin Blumenfeld, lile jalada la jarida la mitindo la Vogue la Januari 1950 ambalo uso wa mwanamitindo Jean Patchett umefutwa ukabaki jicho, midomo na kidoti cheusi. Watu wanaliangalia wanaona wanja na rangi ya midomo. Lilianza kama picha ya nyeusi na nyeupe; rangi iliingia mwishoni, baada ya picha kuwa tayari ni picha.

Jumamosi, kama huyo binti lazima aje, mwite bila mpambaji. Geuza kioo cha kamera kionyeshe nyeusi na nyeupe. Ning'iniza shuka jeupe dirishani, muweke binti ubavu kwa dirisha, mpake Vaseline kidogo kwenye mifupa ya shavu. Halafu mwambie ageuze kichwa polepole, polepole, kama anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili. Utafika mahali ule mng'ao utashuka toka paji la uso hadi taya bila kukatika. Simamisha hapo. Weka alama ya chaki sakafuni, chini ya kiti na chini yako wewe. Kama uso hausomeki hapo ukiwa mtupu, rangi haitausaidia.

Ukishapata hapo, chora mstari mmoja tu shavuni. Mmoja! Piga, kuza picha kwenye kioo, tafuta alama za brashi ndani ya weupe. Kama hazipo, usikimbilie kupunguza mwanga wote, maana utaua ngozi kama nilivyoiua mimi. Changanya tone la rangi nyeusi kwenye ile nyeupe yako. Mkononi itaonekana kijivu cha aibu, mpambaji atakukatalia, lakini pembeni ya ngozi nyeusi kamera inaisoma nyeupe, na pengo kati ya rangi na ngozi linapungua mpaka vyote viwili vinaingia kwenye picha moja. Hili nililigundua mwaka mmoja baada ya hasara, kwa bahati, kwa sababu mtoto wa dada yangu alichovya brashi chafu kwenye kopo langu. Nilimfokea, kisha nikamnunulia soda.

Na wewe uko Mbale, bwana! Shule ya bure unayo mlangoni. Mwaka wa shufwa ukifika na vijana wa Imbalu, ile tohara ya Wagisu, wakapita wamepakwa chachu ya wimbi (ulezi), watazame saa sita mchana jua likiwa utosini, halafu watazame saa kumi na moja jua likiwa ubavuni. Mwili uleule, wimbi lilelile. Saa sita ni unga unaotembea. Saa kumi na moja kila mbavu ina jina lake.

Lenzi: hiyo ya milimita 50 uliyonayo inatosha, usinunue kitu. Rudi nyuma hatua moja ili pua isirefuke kwenye picha.

Kulikuwa na kuhariri na... ruhusa, ndiyo, uliuliza ruhusa. Ngoja, kuna mteja mlangoni anataka za pasipoti na amevaa shati jeupe. Mpigie mpambaji sasa hivi, kabla hajalipa nauli.