Sanduku linaloshuka kwa kamba: maswali yenu kuhusu droni za dharura

Safu iliyopita niligusia kwamba kuna mahali ambapo mashine ya kushtua moyo kwa umeme humfikia mgonjwa kwa droni, au ndege nyuki kama wengine mnavyopenda kuiita. Sikutarajia maswali mengi hivi. Mengine nimeyaunganisha, na yale ya kutaka kujua droni gani inafaa kupigia picha harusi nimeyaweka pembeni.

Ambulensi ipo na ina wahudumu ndani. Droni ya nini tena?

Ya kuwahi. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe ya dakika kumi. Ambulensi inafuata barabara, na barabara ina foleni, kona na mageti. Droni inakata moja kwa moja.

Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya safari 18 za majaribio. Walituma droni mahali ambapo watu waliwahi kusimama moyo, kwa umbali wa kawaida wa kilomita 3.2 hivi. Droni ilitumia dakika 5 na sekunde 21, wakati ambulensi katika matukio halisi ya pale ilikuwa imetumia dakika 22. Tofauti ya zaidi ya dakika 16! Kichwa cha habari kizuri sana, ila siku ya majaribio hapakuwa na mgonjwa, na lilikuwa eneo ambalo ambulensi hutoka mbali.

Baadaye, huko huko Sweden, zikaja simu za kweli. Matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yanaonyesha kwamba katika matukio 55 ambayo droni na ambulensi zote zilitumwa, droni ilitangulia mara 37, na kwa kawaida iliitangulia ambulensi kwa dakika 3 na sekunde 14. Dakika 16 zimekuwa 3. Usizidharau hata hivyo. Rudi kwenye ile asilimia 7 hadi 10 uzidishe mara tatu.

Kuna mtu amewahi kupona kweli, au ni maonyesho tu?

Yupo. Desemba 2021, katika mji wa Trollhättan, Sweden, mzee wa miaka 71 alianguka akiwa anazoa theluji nje ya nyumba yake. Daktari aliyekuwa akipita na gari kuelekea kazini alimwona, akashuka, akaanza kumkandamiza kifua, na simu ya dharura ikapigwa. Dakika tatu na ushei baadaye mashine ilikuwa imeshashushwa na droni. Akashtuliwa pale pale kabla ambulensi haijafika, akapona.

Hadithi hii imesimuliwa sana, na mara nyingi shujaa wake ni droni. Mimi namwangalia yule daktari. Mashine ilikuta kifua kinachokandamizwa na mikono inayojua kuifungua. Sasa linganisha na hili: katika yale matokeo ya 2023, watu 18 walikuwa kweli wamesimama moyo na droni ikawahi kabla ya ambulensi. Unadhani wangapi walifungwa mashine? Sita. Waliohitaji kushtuliwa ni wawili, na mmoja alikuwa hai siku 30 baadaye. Yaani kwa watu 12 sanduku lilifika na halikutumika kwa mgonjwa. Angani kazi ilikwisha vizuri, ikakwama kati ya uani na sebuleni. Ndiyo maana swali linalofuata nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Mimi si mtu wa hospitali. Sanduku likinishukia nifanye nini?

Anza kabla halijashuka. Mtu ameanguka, haitiki, hapumui au anakoroma kwa kutweta: piga simu ya dharura, weka spika, iweke simu sakafuni kando ya kichwa chake. Viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Utachoka upesi kuliko unavyofikiri, na huenda ukasikia mbavu zikilia. Endelea.

Droni haiagizwi na mtu wa kawaida, inaagizwa na kituo cha simu za dharura. Wewe hupigi simu ya droni. Anayekusikiliza ndiye atakayekuambia kwamba iko njiani na itashusha wapi. Zile za Sweden haziteremki mpaka chini: husimama hewani kwenye mita 30 hivi na kuteremsha sanduku kwa kamba. Usisimame chini yake, wala usirukie kamba. Subiri sanduku liguse ardhi.

Mkiwa wawili, mmoja abaki na kifua, mwingine akimbilie sanduku. Ukiwa peke yako, mwambie mtu wa simu hivyo hivyo, “niko peke yangu,” na ufuate anavyokuelekeza. Kumwacha mgonjwa na kwenda uani ni uamuzi mgumu, na si wako kuubeba peke yako.

Ukishalifungua, mashine inaongea. Nyingine huanza kuongea ukifunua mfuniko, nyingine mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasha. Vua au kata nguo, futa jasho, bandika kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia na kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Picha zimechorwa kwenye vibandiko vyenyewe. Ikisema msimguse, msimguse. Inapima mapigo yenyewe na haitampiga shoti asiyeihitaji, kwa hiyo ile hofu ya “nitamuua” itoe. Mtu ambaye moyo umesimama, hali mbaya kuliko hiyo haipo. Ikimaliza kushtua, mikono irudi kifuani mara moja, usikae kumtazama usoni kuona kama amezinduka.

Zaidi ya mashine ya moyo, zinabeba nini?

Hapa tutenganishe kazi mbili. Ya kwanza ni kumfikishia kitu mtu aliye kando ya mgonjwa, kama hiyo tuliyoizungumza. Ya pili ni kuihudumia hospitali yenyewe, na hapa Afrika haikusubiri kufundishwa. Rwanda ilianza Oktoba 2016 kupeleka damu kwa ndege ndogo zenye mabawa, zinazofyatuliwa kama jiwe la manati na kudondosha kifurushi kwa mwavuli juu ya hospitali bila kutua. Mzigo wake haufiki kilo mbili, lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua hahitaji kilo ishirini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda katika vituo hivyo ilipungua kwa asilimia 67. Inaeleweka: kituo hakina haja ya kujirundikia akiba kama kinajua damu itafika ndani ya saa moja. Ghana ilifuata mwaka 2019.

Tanzania nayo ilifanya majaribio ya miezi sita ziwani Victoria. Kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe droni iliruka kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, ikipeleka dawa na kurudi na sampuli za maabara. Kwa gari ni safari ya saa sita. Huko Maryland, Marekani, Aprili 2019 ilibebwa figo na ikapandikizwa kwa mgonjwa.

Mvua ikinyesha je? Na ikimwangukia mtu?

Mvua kubwa na upepo huzizuia, na si hizo tu. Kuna maeneo ya karibu na viwanja vya ndege ambayo haziruhusiwi kuingia. Katika simu 211 za utafiti ule wa Sweden wa 2023, droni ziliruka mara 72 tu. Kwa hiyo anayekuambia droni itachukua nafasi ya ambulensi, muulize hizo 139 nyingine angezifanyaje.

Kuanguka, zinaanguka. Uswisi, mwaka 2019, droni ya kubeba sampuli za hospitali ilitumbukia ziwani Zurich mwezi Januari. Mwezi Mei nyingine ikaanguka si mbali na watoto waliokuwa wakicheza, baada ya kamba ya mwavuli wake wa dharura kukatika. Hakuna aliyeumia, na huduma ilisimamishwa. Mimi naona walifanya sawa kusimamisha. Chombo cha kuokoa hakina msamaha wa kuua.

Si bora mashine hizi zitundikwe ukutani kila mahali, kuliko kuzirusha?

Penye watu wengi, ndiyo, tena bila mjadala: vituo vya mabasi, viwanja vya mpira, masoko. Shida ni kwamba mioyo mingi husimama nyumbani, na hakuna atakayetundika mashine kwenye kila nyumba. Mashine nyingine zimefungiwa kwenye ofisi, ikifika saa kumi na mbili jioni mwenye ufunguo ameshaondoka. Ningeanza na ukuta, halafu droni kwa vijiji na mitaa ambayo ukuta hauifikii.

Ina kamera. Itakuwa inanirekodi ndani kwangu?

Kamera ipo ili mwendeshaji aone pa kushusha mzigo. Picha zinahifadhiwa au la, na kwa muda gani, hilo ni la sheria ya nchi husika, na ni haki yako kuuliza.

Kijana wangu ana droni yake nzuri tu. Likitokea janga anaweza kusaidia?

Anaweza: aishushe na kuiweka sandukuni. Droni ya mtu binafsi ikionekana angani penye ajali au moto, helikopta ya uokoaji hulazimika kukaa chini.